Bwana Afya Akipanda Melini: Tathmini ya Huduma ya Ukaguzi wa Afya Bandarini

Kwa zaidi ya miaka 14 nimefanya kazi ya uwakala wa meli katika mwambao wa Afrika Mashariki, na katika muda huo nimewasindikiza maofisa wa afya wa bandari kupanda meli zilizotoka nje mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Sisi mawakala ndio tunaouomba ukaguzi huo, ndio tunaoulipia kwa niaba ya wenye meli, na ndio tunaoamshwa usiku unapokwama. Naona ni haki huduma hii nayo ifanyiwe tathmini ya wazi kama zinavyofanyiwa hoteli na karakana, kwa sababu mwenye meli ametia humo fedha na muda wake, na mkazi wa mjini anayelala hatua chache kutoka ukuta wa bandari ametia humo afya yake bila hata kuulizwa. Sitaitaja bandari yoyote niliyokwaruzana nayo, kwa kuwa nia yangu ni kueleza kazi hii inavyokuwa ikifanywa vizuri na inavyokuwa ikifanywa vibaya.

Niseme msimamo wangu mapema. Huduma hii ina thamani kubwa kuliko ada yake pale ofisa anapoinuka kwenye kiti alichokaribishwa na nahodha, akashuka jikoni, stoo, kwenye matangi ya maji na chumba cha mashine. Ukaguzi unaoishia mezani ni hasara hata ukitolewa bure.

Anachokinunua mwenye meli ni cheti cha usafi wa meli. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007, cheti hicho hudumu kwa muda usiozidi miezi 6, nacho ni cha aina mbili ambazo hata manahodha huzichanganya. Cha kwanza ni cheti cha msamaha, kinachotolewa pale mkaguzi asipoona dalili ya maambukizi, ya uchafuzi, wala ya wadudu na wanyama wanaobeba magonjwa. Cha pili ni cheti cha udhibiti, kinachotolewa pale dalili zilipoonekana, hatua za kuziondoa zikachukuliwa, na mkaguzi akaridhika nazo. Manahodha wengi hukionea haya hiki cha pili kana kwamba wameandikiwa kosa, ilhali kwangu mimi meli yenye cheti cha udhibiti kilichojazwa kwa ukweli ni meli iliyosafishwa mbele ya shahidi. Muda wa cheti ukiisha meli ikiwa mahali ambapo kazi hiyo haiwezi kufanyika, huongezwa mwezi mmoja tu, na si kila bandari ina ruhusa ya kukitoa, bali zile ambazo nchi yenyewe imeziidhinisha na kuziwasilisha kwa Shirika la Afya Duniani. Wakala asiyejua jambo hili anaweza kuahidi huduma ambayo bandari yake haina mamlaka ya kuitoa.

Sehemu ya kwanza ya huduma hufanyika meli ikiwa bado baharini, na hapa sina malalamiko makubwa. Nahodha hujaza tamko la afya lenye maswali 9: kama kuna mtu aliyefariki njiani si kwa ajali, kama kuna mgonjwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza, kama idadi ya wagonjwa imepita kawaida, kama wamepatikana wazamiaji, kama kuna mnyama mgonjwa, na mengine ya namna hiyo. Huambatanisha orodha ya bandari alizopita tangu safari ilipoanza, au kwa siku 30 zilizopita ikiwa safari ni ndefu kuliko hapo. Majibu yakiwa safi, ofisa huweza kutoa ruhusa ya afya kwa redio kabla meli haijafunga gatini, na ile bendera ya njano, ambayo maana yake ni kwamba meli ni nzima na inaomba kuruhusiwa, huteremshwa bila mtu kulazimika kupanda boti usiku. Tangu tarehe 1 Januari 2024 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa kurahisisha usafiri wa baharini zinatakiwa kupokea nyaraka za meli kwa mfumo mmoja wa kielektroniki. Mahali ambapo mfumo huo unafanya kazi kweli, tamko ninalolituma asubuhi hujibiwa kabla ya adhuhuri. Mahali ambapo mfumo upo lakini bado tunadaiwa nakala tatu zenye mhuri mbichi, wakala anafanya kazi ileile mara mbili.

Ukaguzi wenyewe ndio kiini cha huduma, na nitaeleza mmoja ambao umekuwa kipimo changu cha kukadiria mingine yote. Ilikuwa meli ya shehena ya kichele, yaani isiyofungwa magunia, iliyoleta ngano, yenye mabaharia 21 wa mataifa manne, na cheti chake kilibakiza siku 5. Aliyekuja alikuwa mama wa makamo, ofisa wa siku nyingi, ambaye makuli na vijana wa boti humwita Bibi Afya. Mkobani alikuwa na tochi, kipimajoto chenye ncha ndefu, kifaa cha kupimia klorini, kata ndogo nyeupe na vichupa vyenye vifuniko. Nahodha alimkaribisha chumbani kwake kama ilivyo desturi, meza ikiwa imeshaandaliwa. Alisalimu kwa adabu zote, akanigeukia akaniambia, "Mwanangu, mwambie kapteni soda nitakunywa nikirudi. Kwanza nionyesheni jiko."

Jikoni hakuanza na vile vinavyong'aa. Alipiga magoti akamulika nyuma ya jiko na chini ya sinki, mahali ambapo joto na unyevu hukutana, akaonyesha vinyesi vya mende vilivyoganda kama mbegu za ufuta kwenye pembe ya bati. Kwenye chumba cha nyama, kipimajoto cha nje ya mlango kilisoma nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini chake alichokichomeka katikati ya maboksi kilisimama kwenye 9 chini ya sifuri, na baadhi ya mapaja ya kuku yalikuwa yameshikana na barafu yenye rangi ya damu, ishara kwamba yaliwahi kuyeyuka yakagandishwa tena. Mpishi alieleza kwamba mashine iliharibika kwa siku mbili wakiwa njiani. Hakukemewa. Aliulizwa tarehe, akaulizwa walikula nini siku hizo, na yote yakaandikwa. Kwenye stoo kavu, gunia moja la unga lilikuwa na fukusi, likatengwa.

Maji yalichukua muda mrefu kuliko yote, na ninaamini hapo ndipo elimu ya mkaguzi huonekana. Hakuchota bomba la jikoni peke yake, lililo karibu na tangi na linalotumika kutwa nzima. Alikwenda kwenye bafu la mwisho kabisa kuelekea tezi, yaani nyuma ya meli, akayaacha maji yatiririke kidogo, akajaza kichupa, akatia kidonge, akatikisa. Klorini ikiwepo maji hugeuka rangi ya waridi. Haya yalibaki kama yalivyotoka bombani. Aliporudia kipimo jikoni rangi ilikuja kwa mbali tu. Ndipo akaomba daftari la maji, na mhandisi akalileta likiwa limejazwa wiki 6 mfululizo kwa kalamu moja, mwandiko mmoja na tarakimu ileile. Bibi Afya alilisoma lote bila kusema neno, akalifunga, akaomba matangi yatiwe klorini ya kutosha, yaachwe kwa saa alizozitaja, yamwagwe na kujazwa upya, na akasema atarudi kupima. Maji yaliyokaa muda mrefu kwenye mabomba yenye joto la kati huweza kukuza bakteria wa Legionella wanaoingia mapafuni kwa mvuke wa bafu, na baharia anayeshikwa na homa ya mapafu katikati ya bahari, siku 8 kutoka hospitali ya karibu, yumo hatarini kuliko mtu wa nchi kavu.

Jambo ambalo sitalisahau lilitokea juu, kwenye sitaha. Turubai lililofunika mashua ya kuokolea maisha lilikuwa limelegea katikati, na mvua ya siku chache nyuma imetuama humo kama bakuli. Serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, alisema ni maji ya mvua tu, masafi. Mama yule alichota kwa kata yake nyeupe, akamulika, na sote tukainama. Viluwiluwi kama 20 hivi walikuwa wakijipinda ndani ya mwanga, wakishuka chini na kupanda tena kuvuta hewa. Alichukua kiasi kwenye kichupa ili wakatambuliwe ni mbu wa aina gani, kisha akasimamia hadi maji yakamwagwa na turubai likakazwa upya. Mbu wa Aedes, mwenye madoadoa meupe miguuni, anapenda vyombo vidogo vya maji kama hivi, na ndiye anayeeneza homa ya manjano, dengue na chikungunya, ugonjwa ambao jina lake limetoka kwenye Kimakonde cha kwetu. Watu wa Mombasa na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa dengue ni nini. Kanuni za kimataifa zinaitaka bandari yenyewe nayo idhibiti mbu na wanyama waenezao magonjwa ndani ya eneo lake na angalau mita 400 kuizunguka, na nimeona mabishano mengi kuhusu meli chafu yakifanyika mita 50 kutoka kwenye rundo la matairi yaliyojaa maji ya mvua.

Ukaguzi ule ulichukua saa mbili na dakika arobaini. Kesho yake alirudi, akapima maji, akahakikisha nyama imetupwa kwa utaratibu wa taka na mende wamepuliziwa dawa, akatoa cheti cha udhibiti chenye taarifa iliyoambatanishwa, ambayo bandari iliyofuata ingeisoma na kujua nini kilikutwa na nini kilifanyika. Nahodha alikuwa amekasirika siku ya kwanza, lakini meli haikuchelewa hata saa moja, kwani ngano ilikuwa ikishushwa wakati wote huo. Ada ilikuwa ileile ambayo ningelipia ukaguzi wa dakika ishirini.

Nimeulipia pia ukaguzi wa dakika ishirini. Katika bandari nyingine ya Bahari ya Hindi, ofisa alipanda meli niliyokuwa nikiihudumia, akaketi kwenye chumba cha kulia cha maofisa, akaomba cheti cha zamani, akanakili majibu yake kwenye fomu mpya na kugonga mhuri wa msamaha. Fomu ile ina safu kwa ajili ya jiko, stoo, falka (vyumba vya shehena), vyumba vya mabaharia, maji ya kunywa, maji taka, matangi ya maji ya uzani yanayozuia meli isiyumbe, taka ngumu na za hospitali, maji yaliyotuama, chumba cha mashine na chumba cha dawa. Zote zilijazwa "hakuna dalili" na mtu ambaye hakupita mlango wa jiko. Nilikuwepo, nilifurahi kwamba tumemaliza mapema, na furaha hiyo naijutia mpaka leo. Wiki tatu baadaye bandari iliyofuata ilikuta mende tangu jikoni hadi kwenye vitanda, na dawa kwenye sanduku la matibabu zilikuwa zimekwisha muda kwa zaidi ya mwaka. Cheti chetu kipya hakikutusaidia chochote, kwa maana ofisa wa bandari yoyote akiona dalili mwenyewe ana mamlaka ya kudai hatua zichukuliwe. Meli ilikaa siku moja na nusu, aliyeikodi akakata malipo ya muda huo, na wenye meli wakalipia kwa mara ya pili kazi waliyoamini wameshailipia.

Kuna baharia mmoja katika meli ile aliyeniambia kwamba wamekuwa wakinunua maji ya chupa kwa fedha zao tangu mwezi uliotangulia, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa na harufu. Ofisa angetembea hatua thelathini kutoka pale alipoketi, na kumwuliza mtu yeyote kwa upole, angeambiwa.

Huenda msomaji akaona nimekaza kamba kwa mambo ya mende na ndoo. Lakini watu wa mwambao huu wanajua magonjwa ya meli kuliko wengi. Kipindupindu kilichoua watu wengi mno Zanzibar mwaka 1869 na 1870 kilikuta mji wa biashara ya majahazi na watu wasio na habari ya nini kinakuja. Tauni ilipolipuka Bombay mwaka 1896, meli za moshi ndizo zilizowabeba panya na viroboto wao hadi bandari za mabara mengine. Anayekwenda Unguja leo hupelekwa Kisiwa cha Changuu kuwatazama kobe wakubwa, na wachache wanatambua kwamba jela iliyojengwa pale iliishia kutumika kama karantini ya wasafiri. Hata zile sahani za bati tunazozifunga kwenye amari, yaani kamba za kufungia meli, ili panya wasipande wala kushuka ni urithi wa enzi hizo, na bado naona meli zikifunga gatini huku sahani zimelala sitahani. Zama zetu nazo zimeshuhudia mwezi Februari 2020 jinsi meli ya abiria Diamond Princess ilivyozuiwa Yokohama ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 kati yao wakaambukizwa virusi vya korona.

Maji ya uzani ni eneo ambalo huduma yetu bado ni changa. Meli tupu hujaza maji ya bahari kwenye matangi ili isiyumbe, kisha huyamwaga inapopakia, na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati kipindupindu kilipoenea Amerika ya Kusini, vimelea vyake vilipatikana ndani ya maji ya uzani ya meli zilizofika Ghuba ya Mexico. Mkataba wa kimataifa kuhusu maji hayo ulianza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Mara nyingi nimeona kazi hii ikiachiwa mamlaka ya usafiri wa baharini, huku ofisa wa afya akitazama karatasi tu.

Upungufu mkubwa zaidi, hata hivyo, nauona kwenye majahazi na meli ndogo. Meli ya mita 200 yenye bendera ya mbali hukaguliwa, lakini jahazi linalotoka Ngazija, Somalia au Oman likiwa na mabaharia 12, maji ya kunywa katika mapipa ya plastiki yasiyofunikwa, choo kinachoning'inia nje ya ubavu na mbuzi wamefungwa karibu na jiko la mkaa, hufika likashusha na kuondoka bila mtu kuuliza lolote zaidi ya ushuru. Safari hiyo ni ya kimataifa sawasawa na ile ya meli kubwa. Pipa lisilo na kifuniko lililokaa siku kadhaa baharini ni uwanja wa mbu uliokamilika, na manahodha wa majahazi hawana wakala wa kuwaandalia nyaraka. Sipendekezi waadhibiwe; wengi ni watu maskini wanaofanya kazi ya hatari. Ninachopendekeza ni ofisa awe na zamu ya kila siku kwenye bandari ya majahazi, akiwa na vidonge vya klorini vya kugawa, vifuniko vya mapipa, na lugha ya kumwambia nahodha, "Baba, maji haya tuyatie dawa kabla hujaondoka." Kwa gharama ndogo kama hiyo mji ungelindwa kuliko kwa mihuri mia ya meli za kontena.

Kuhusu fedha, kanuni ziko wazi kuliko watu wanavyofikiri. Ada zinatakiwa ziwe kwenye jedwali moja lililotangazwa angalau siku 10 kabla ya kuanza kutozwa, zisizidi gharama halisi ya huduma, na zitozwe bila kubagua taifa wala bendera ya meli. Mahali ambapo jedwali limebandikwa na malipo yanapita benki kwa stakabadhi, sijawahi kuwa na ugomvi na mtu. Ugomvi huanza kwenye vitu visivyoandikwa: gari la kumfuata ofisa, boti ya kumpeleka nangani, "usumbufu" wa usiku na wa sikukuu. Usafiri ni gharama ya kweli, na ofisa anayetoka nyumbani saa nane za usiku anastahili kulipwa. Basi liandikwe, litangazwe, tulilipe. Lisipoandikwa, linamfanya ofisa mwadilifu afanane na yule asiye mwadilifu machoni pa nahodha mgeni, na hilo linaniuma, kwani waadilifu ni wengi na wanafanya kazi bila viatu maalumu, bila kofia ngumu, na wakati mwingine kwa tochi ya simu.

Kwa mwenye meli au wakala anayetaka huduma hii kwa mara ya kwanza, ningemshauri aiombe wakati cheti kimebakiza wiki mbili au zaidi, na achague siku ambayo falka ni tupu au zimekaribia kuwa tupu, kwa sababu hatua za udhibiti hufanyika vizuri zaidi hapo, na kwa meli inayokuja kupakia, ni kabla shehena haijaingia. Amtafute mpishi, mhandisi na anayesimamia dawa wawe melini muda huo, wasiwe wamekwenda mjini. Funguo za stoo zote ziwe mkononi, daftari la maji liwe na namba zilizopimwa kweli, sahani za panya ziwe kwenye amari, na serahangi apite sitaha nzima alfajiri kumwaga kila kilichotuama, akianzia na turubai za mashua.